Paa pana, kuta chache: banda na uwanja wa farasi kwa fedha kidogo

Daktari wa mifugo aliponiambia nipige magoti, nilidhani anataka nimshikie mguu wa farasi. Ilikuwa alfajiri, milango ya banda ilikuwa bado imefungwa, na Shwari, farasi jike niliyeanza naye maisha haya, alikuwa anaingia wiki ya tatu akikohoa. "Piga magoti, halafu shusha uso mpaka pale anapoweka pua yake akilala," alisema. Nikashusha. Kabla sijavuta pumzi ya pili macho yalianza kuniwasha na koo likakaba. Kwa miaka miwili nilikuwa naingia chumba kile kila siku, nasimama wima, natoka, nikiamini kwamba banda langu ni safi.

Ile ilikuwa amonia. Bakteria waliomo kwenye kinyesi na matandiko huivunja urea ya mkojo, gesi ikatoka, na kwa kuwa inatoka chini, makali yake yako chini: pale farasi anapookota nyasi zake na pale mtoto wa farasi anapolala sehemu kubwa ya siku. Ongeza juu yake vumbi na ukungu wa marobota ya nyasi niliyokuwa nimeyapanga darini, juu ya kichwa chake. Dawa ilimsaidia kwa siku chache tu. Kilichomponya ni msumeno. Tulikata mbao za juu za kuta mbili zinazoelekeana, tukaacha nafasi wazi chini ya paa, tukahamisha nyasi zote, na kabla mwezi haujaisha kikohozi kilikuwa kimekwisha.

Usiku huohuo nilianza kuchora banda jipya lenye uwanja wa mazoezi uliofunikwa. Ilinichukua miaka mitatu kulimaliza, na siku hizi naulizwa habari zake na watu wenye farasi wawili au watatu na mfuko mwepesi. Jibu langu ni lilelile kila mara: fedha ipeleke juu na chini, kwenye paa na kwenye sakafu. Kuta ndizo unazoweza kuzipunguza, na farasi hatakulaumu.

Mchoro wangu wa kwanza ulikuwa wa kuiga. Nilikuwa najua uwanja kamili wa mashindano ya dressage, yale ya farasi kuonyesha hatua zilizopangwa, ni mita 20 kwa 60, na ule mdogo ni mita 20 kwa 40, kwa hiyo nikachora ule mkubwa, nikauzungushia kuta pande zote nne, nikaweka vyumba ndani yake mwishoni. Mhandisi aliyeniangalizia ule mchoro hakuucheka. Aliweka kidole kwenye upana akaniuliza, "Hii 20 inatoka wapi?" Kisha akanieleza jambo ambalo kila anayetaka kujenga uwanja wenye paa anapaswa kulijua kabla hajanunua msumari. Uwanja hauwezi kuwa na nguzo katikati, kwa hiyo kenchi, zile fremu zinazobeba paa, lazima zivuke upana wote kwa mruko mmoja. Nguvu inayoipinda boriti katikati inaongezeka kwa mraba wa upana huo. Ukitoka mita 15 kwenda 20 umeongeza theluthi tu ya upana, lakini mkazo umepanda karibu mara 1.8, na chuma au mbao zinapaswa kunenepa kuufuata. Urefu hauna adhabu hiyo. Ukitaka kurefusha uwanja unaongeza kenchi nyingine ileile na jozi nyingine ya nguzo, leo au miaka mitano ijayo.

Basi swali likawa: upana mdogo kuliko wote ambao hautamuumiza farasi ni upi? Hapo nilikwenda kwenye mwili wake badala ya vitabu vya mashindano. Farasi anayefundishwa kwa kamba ndefu anazunguka duara, na duara likibana, miguu ya ndani inabeba zaidi, viungo vinajipinda, hasa kwa farasi mchanga ambaye mifupa yake haijakomaa. Mazizi ya mviringo ya kufundishia hujengwa mara nyingi yakiwa na kipenyo cha karibu mita 18, na waalimu wengi hutaka mita 20. Mimi siruki vikwazo. Kazi yangu ni kufundisha farasi wachanga hatua za mwanzo na kuwaendesha polepole wale waliopona majeraha. Nikachagua mita 18 kwa 36. Anayetaka kuruka vikwazo ndani atahitaji upana zaidi, na kimo pia: wengi hupendekeza mita 5 za uwazi kutoka mchangani hadi kenchi. Mimi nilisimamisha nguzo za mita 4.5, na mpandaji mrefu juu ya farasi aliyeinuka kwa miguu ya nyuma bado yuko salama.

Kabla ya nguzo yalikuja maji, na hapa naomba uniamini hata kama fundi wako anataka kuanza na paa kwa sababu paa ndilo linaloonekana. Mwaka wa kwanza wote hatukujenga kitu kilichosimama. Tuliondoa udongo wa juu wenye mizizi, tukainua uwanja juu kidogo ya ardhi inayouzunguka, tukachimba mfereji upande wa mlima ili maji ya mvua yapite kando, tukamwaga kokoto zilizosagwa na kuzishindilia kwa mashine tabaka kwa tabaka, kwa mteremko wa asilimia 1 hadi 2 ambao jicho halioni lakini maji yanauona. Tukaacha msimu mzima wa mvua upite juu yake. Palipotuama dimbwi tulipiga kigingi, tukachimba, tukajaza, tukashindilia upya. Paa lingeficha makosa hayo mpaka siku maji ya chini yangeanza kupanda kupitia mchanga, na siku hiyo ungetakiwa kuchota mchanga wote kwa toroli. Xenophon, askari Mgiriki aliyeandika juu ya farasi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alionya kwamba sakafu yenye unyevu na utelezi huharibu hata kwato zilizo nzuri kwa asili. Nilimsoma baadaye, mifereji yangu ikiwa imeshachimbwa, na nilifurahi kama mtu aliyekutana na jirani.

Mchanga ndio sehemu niliyokosea, na aliyelipia kosa langu ni farasi.

Niliagiza mchanga wa mtoni kwa sababu ulikuwa laini mkononi na ulipendeza macho, nikamwaga kina cha sentimita 15 nikiamini kwamba wingi ni ulaini. Wiki ya pili kijana mmoja wa farasi, dume wa miaka minne, alitoka uwanjani akiwa na joto nyuma ya mguu wa mbele, kwenye kano. Nilipitisha kiganja pale, taratibu, kutoka goti kwenda chini: mguu mmoja baridi na ulionyooka kama kamba iliyokazwa, mwingine na uvimbe mdogo uliojaa chini ya vidole vyangu. Alipumzika miezi minne. Chembe za mchanga wa mtoni zimesuguliwa na maji mpaka zikawa duara, na mguu ukikanyaga zinakimbiana kama gololi. Kina kikizidi, kila hatua ni kujichomoa kwenye shimo, na kano ndizo zinazovuta. Kinachofaa ni mchanga wenye chembe za pembepembe zinazoshikana, uliooshwa ukatoka tope. Anza na sentimita 5, ongeza kidogo kidogo, na usivuke 7 au 8 kwa kazi kama yangu. Kipimo changu ni kidole cha kati: nakichomeka wima, na kikizama chote bila kugusa ugumu wa chini, nachukua reki na sepeto.

Chini ya paa mvua haifiki, kwa hiyo vumbi ni lako kulituliza. Mapafu ya farasi anayekwenda mbio huvuta hewa nyingi mno, na mpandaji na mwalimu wanakula vumbi lilelile. Tunamwagia maji usiku, ili yashuke taratibu kabla ya kazi ya asubuhi. Wapo wanaochanganya chumvi ya magnesiamu ili mchanga ushike unyevu, nayo inafanya kazi, ila inakula chuma. Nguzo zangu ni za chuma. Nimechagua bomba la maji.

Paa lenyewe lilikuja mwaka wa pili. Nilifikiri kuacha kuta kunarahisisha kila kitu, mhandisi akanirekebisha: paa lisilo na kuta ni mwavuli, na upepo ukiingia chini yake unalisukuma juu. Kwa hiyo misingi ya nguzo haikupimwa kwa uzito wa paa tu, ilipimwa pia kwa uzito wa zege linaloweza kulizuia lisiondoke. Kila kenchi imefungwa kwenye nguzo kwa boliti, hakuna mahali tulipotegemea msumari peke yake. Hapo usibane hata senti. Kama kuna hesabu moja utakayomlipa mtaalamu aifanye, iwe hii.

Uelekeo wa jengo haugharimu chochote, na watu wengi wanausahau. Tulilaza urefu mashariki kwa magharibi, ili jua la asubuhi na la jioni ligonge ncha fupi na siyo kuingia chini ya paa kwa ubavu mzima. Pande ndefu zimebaki wazi, na upepo unapita.

Nilikuwa nimeagiza pia mabati angavu, yale yanayopitisha mwanga, mistari minane kwenye mteremko wa paa. Yalipendeza sana. Asubuhi ya kwanza nilimwingiza Shwari, ambaye hajawahi kunitilia shaka, akasimama ghafla miguu minne ikiwa imeshikana, pua zimefunguka kama vikombe, shingo imeinuka. Mbele yake mchangani palikuwa na ukanda mweupe wa mwanga, na baada yake ukanda wa kivuli, kisha mwingine mweupe. Aliinama, akanusa ukingo wa ule mwanga, akapuliza mchanga, kisha akauruka kama mtaro. Macho ya farasi huchukua muda mrefu kuliko yetu kuzoea kutoka mwangani kwenda gizani, na anachoona pale ni mashimo. Tuliyang'oa mabati yale yote, tukaweka ya kawaida. Uwanja uliofunguliwa pande mbili una mwanga wa kutosha mchana kutwa. Kama ningekuwa na kuta, ningeyaweka ukutani, juu, chini kidogo ya paa, upande usiopigwa na jua, ili mwanga usambae bila kuchora kitu chini.

Kuzunguka uwanja kuna mbao tu, kimo cha mita 1.2, zimeegemea nje kwa juu. Huo mwegemeo una sababu moja. Farasi anapenda kutembea akisugua ukingo, na mbao ikisimama wima, kwato zitakuwa na nafasi lakini goti la mpandaji litagonga nguzo. Ukiilaza nyuzi 10 hadi 15, kwato zinagusa chini kwanza, goti linabaki huru.

Vyumba vya farasi nilivibishania na nafsi yangu muda mrefu. Kuviweka chini ya paa lilelile kunaokoa safu nzima ya nguzo. Kuviweka mbali kunawaepusha farasi na vumbi la uwanja na kunapunguza hatari ya moto kuunganisha kila kitu. Mwishoni nilijenga upenu upande ambao upepo hutokea, kwa kutumia nguzo za uwanja kama egemeo, nikaziba kabisa ukuta wa katikati ili vumbi lisivuke, na milango yote ikatazama nje. Upenu una kina cha mita 6: chumba mita 3.6, kisha kibaraza cha mita 2.4 chenye kivuli, ambapo saisi, mtunza farasi wangu, anafunga farasi, anamtandika, anamkagua kwato bila kunyeshewa. Vyumba ni vinne, kila kimoja mita 3.6 kwa 3.6, na cha tano ni cha matandiko na hatamu.

Hewa ndiyo iliyoanzisha safari hii, kwa hiyo niliipa heshima yake. Kanuni ninayoifuata kwa jengo la paa la miteremko miwili ni uwazi wa sentimita 5 kwenye mgongo wa paa kwa kila mita 3 za upana. Banda la mita 12 basi linahitaji ufa wa sentimita 20 juu, na chini ya kingo za paa, kila upande, nusu ya hapo. Hewa ya moto yenye amonia na unyevu inapanda na kutoka, safi inaingia kutoka pembeni. Upenu wangu hauna mgongo, kwa hiyo tuliacha paa lake lisifike ukutani: kuna ufa wa sentimita 15 kwa urefu wote, juu kabisa ya vyumba, na ukingo wa paa kubwa unatokeza juu yake kuuzibia mvua. Ukisimama chumbani baada ya farasi kutoka jasho, unaona mvuke ukipanda kuelekea ule ufa kama moshi wa jiko. Na maji ya paa kubwa yanaangukia paa la upenu, kisha yanaingia gata moja, mfereji ulioning'inia ukingoni mwa paa. Tuliokoa gata la pili upande ule.

Hayo maji usiyaache yapotee. Mapaa yangu yote kwa pamoja ni karibu mita za mraba 750, na kila milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ya milimita 10 ni lita 7,500. Farasi mmoja akinywa lita 40 kwa siku, mvua moja ya namna hiyo inawanywesha wanne zaidi ya siku 40. Mkupuo wa kwanza tunaumwaga, kwa sababu unabeba vumbi na kinyesi cha ndege. Na hata kama huna tangi, gata ni lazima, maana maji hayo yote yakiangukia chini yanarudi moja kwa moja kwenye ule msingi uliouhangaikia mwaka mzima.

Ndani ya chumba, kagua kila kitu kwa jicho la mnyama wa kilo 450 anayeogopa na kupiga teke. Mlango upana wa mita 1.2, unaofunguka kwenda nje, ili farasi akilala ameuegemea uweze kumfikia. Mbao nene mpaka kimo cha mita 1.4, na juu yake nondo zilizoachana chini ya sentimita 8, kwato zisipenye. Nondo zina kazi nyingine: farasi ni wa kundi, na ukuta uliozibwa mpaka juu unamfanya azunguke chumbani siku nzima au aanze kutafuna mbao. Lakini kubwa kuliko yote, usiache bati tupu liwe ukuta mahali popote kwato zinapofika. Teke moja linalipasua, na mguu ukirudi nyuma unarudi kupitia makali. Nimeona mguu wa namna hiyo. Bati linafaa kuwa nje, ndani yake lazima pawe na mbao. Nyaya za umeme zote zimo ndani ya mabomba, juu, mbali na meno.

Nyasi kavu zina kijibanda chao upande wa pili wa njia ya gari. Marobota yaliyofungwa yakiwa na unyevu wa zaidi ya asilimia 20 yanaota ukungu na kujipasha moto yenyewe, na yakirundikwa mengi yanaweza kuwaka bila kiberiti. Nachomeka mkono katikati ya rundo kwa wiki kadhaa baada ya kila shehena. Samadi nayo ina mahali pake, upande upepo unakoelekea, karibu kiasi kwamba saisi hachoki. Farasi mmoja anatoa zaidi ya kilo 20 kwa siku, na mtu anayesukuma toroli mara nane kila asubuhi ana haki ya kuulizwa njia ipite wapi. Nilimwuliza. Aliihamisha mita 10 kutoka mahali nilipoichora, na alikuwa sahihi.

Ukitoa ule ukuta wa vyumba, uwanja hauna kuta mpaka leo. Upande mmoja tumening'iniza turubai nzito la kukunja kwa msimu wa upepo mkali, basi.

Mvua kubwa ya kwanza baada ya paa kukamilika ilitukuta mimi na Shwari katikati ya duara, yeye kwenye kamba, akienda kwa mwendo wa mchapuko. Matone ya kwanza yalipiga mabati kama kokoto zilizotupwa, akanyanyua masikio. Kisha ikashuka yote. Sikusikia hata sauti yangu mwenyewe. Alikata duara akaja kusimama karibu yangu, bega lake kwenye bega langu, akitetemeka kidogo ngozini, na nikamwacha asimame. Saisi alikuwa kibarazani akiangalia gata lilivyojaa. Baada ya muda nilisikia mbavu za Shwari zikipanuka, akashusha kichwa mpaka mchangani, akapuliza pumzi ndefu, yenye unyevu, isiyo na kikohozi ndani yake. Nikarefusha kamba, akarudi kwenye duara.